Wagombea wa Maprik

Mwaka ule wa uchaguzi ukuta wa maabara ulibandikwa nyuso:
wanaume watano, mashati yamepigwa pasi,
wakiahidi barabara, daraja, paa la zahanati.
Ndani, kwenye jokofu linalokohoa jenereta ikizimwa,
nilikuwa na wagombea wangu mwenyewe,
arobaini na mmoja,
kila mmoja tone kwenye kichupa,
hana shati wala ahadi,
ana namba tu.

Ni vipande vya mavazi ya kimelea.
Huyu ni mkono anaobishia hodi kwenye seli nyekundu,
huyu ni ufunguo,
huyu ni jasho linalomtoka akishaingia.
Tuliuliza jambo moja:
katika vyote anavyovaa, ni kipi
mwili ukikiona mara ya pili
unasema, wewe nakujua?

Wapiga kura walipanga foleni.
Wandiyu alitangulia, ukucha una udongo wa viazi vikuu,
akanyoosha kidole kilekile kilichopakwa wino juzi.
"Kila serikali hukitaka kidole hiki," alisema,
akatema mate mekundu ya popoo,
"ila wewe ndiye wa kwanza kukitoboa."
Homa ilimchukulia watoto wawili.
Yeye haijamlaza tangu kanisa lilipoezekwa bati.

Usiku nikahesabu.
Sahani ya plastiki, vishimo tisini na sita,
tone la mgombea, tone la mpiga kura,
kisha kungoja.
Ndiyo hugeuka manjano. Hapana hubaki maji.
Sahani ya Wandiyu iliwaka karibu yote
kama uwanja wa alizeti.
Ya Jesinta, mjukuu wake, mwaka na nusu,
ilibaki maji matupu, isipokuwa vishimo vitatu
vyenye manjano ya kubahatisha.

Namba Kumi na Saba akashinda.
Dokta Kombuk alinunua soda, tukanywa zikiwa za moto.
Tukampeleka Brisbane kwa ndege, ndani ya barafu,
akarudi akiwa chanjo.

Miaka miwili.
Mvua ilimla mgombea wa tatu mdomo pale ukutani,
akabaki macho.

Ukaja msimu wa viazi.
Huku kiazi kirefu kupita mtu huvishwa kama mtu:
barakoa ya kusuka, manyoya, rangi nyekundu usoni,
na watu humsifu kwa jina.
Ngoma zikiwa bado zinalia, Jesinta aliletwa mgongoni,
sindano zote tatu amechomwa, na mwili wake moto.

(Alipona kwa vidonge. Niseme mapema,
maana najua mnasoma mkiogopa.)

Nikapaka damu kwenye kioo, nikaitia zambarau,
rangi ndugu ya wino wa kura,
nikainamia darubini.
Walikuwamo. Pete ndogondogo,
kila pete na kito chake.

Baadaye Brisbane walituandikia:
Kumi na Saba ni yuleyule, ila amebadili vifungo viwili
kati ya mia sita.
Viwili!
Na kingamwili za mtoto zilimpita mlangoni
kama askari aliyeshika picha ya zamani.

Nilikaa muda mrefu na sahani kuukuu ya Wandiyu.
Nilidhani ilisema "huyu."
Kumbe ilisema "huyu, na yule, na yule wa mwaka wa mafuriko,
na aliyekuja na manyoya, na aliyekuja bila."
Kura ya miaka sitini,
nami niliisoma kama ya siku moja.

Nikarudi kwake na sindano.
"Yule wenu aliyeshinda yuko wapi?"
"Alibadili shati, mama."
Alicheka hadi popoo ikampalia,
nikampiga mgongoni, machozi yakamtoka.
"Sasa mnataka wangapi?"
"Wengi. Pamoja."
Akafikiri. Nje jenereta ilizimika, jokofu likaanza kukohoa.
Akanipa kidole kingine.
Kile cha kwanza, alisema, kimechoka kuchagua.